Korongo la Alps na bi mkubwa kutoka Tanga: Höllental au Partnach?

*"Habari za kazi mtaalamu. Niko Munich miaka kadhaa sasa, mama yangu anakuja kutoka Tanga mwezi wa sita, ana miaka 63, presha anayo kidogo ila anakunywa dawa vizuri, na magoti yanamsumbua hasa akishuka ngazi. Sisi tuna mtoto wa miaka 3. Nimeona video za Höllentalklamm pale Garmisch nikalipenda lile korongo, nataka niwapeleke wote siku moja. Je mama hatapata shida ya hewa ya mlimani? Jamaa wa kazini kaniambia mvua haina shida maana mle ndani unalowa tu hata jua likiwaka, na kwamba njia ikifungwa ni mambo yao ya bima, watu wanaruka geti wanapita. Kigari cha mtoto kitapita? Raba zinatosha? Na nilikuwa nafikiria tutoke baada ya chakula cha mchana, ni sawa?"*

Ndugu yangu, asante kwa kuuliza kabla ya kwenda, na hongera kwa kumleta bi mkubwa. Naona maswali yako ni mengi ila wasiwasi ni mmoja, unataka mama na mtoto waone kitu kizuri na jioni wote mrudi nyumbani salama. Basi jibu nakupa mapema: korongo nendeni, lakini msiende Höllental, nendeni Partnach ambalo liko mji huohuo wa Garmisch-Partenkirchen, na mtoke asubuhi. Sababu zake ntaeleza moja moja, ila naanza na maneno ya huyo jamaa yako wa kazini maana hayo ndo yamenitia hofu kuliko magoti ya mama.

Ni kweli ukiingia korongoni unalowa hata siku ya jua, matone yanadondoka kutoka kwenye miamba na maji yanarusha mvuke. Lakini hatari ya mvua haiko kwenye nguo zako, iko kwenye mto unaopita pembeni ya miguu yako. Milima ile ni ya mawe ya chokaa, huko juu udongo ni mwembamba sana na sehemu kubwa ni mwamba mtupu, kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha ni kama imenyesha kwenye paa la bati, haina pa kukaa, yote inateremka saa hiyohiyo na korongo ndo mfereji wake. Bonde zima lenye upana wa kilomita kadhaa linamwaga maji yake kwenye ufa ambao sehemu nyingine una upana wa mita chache tu. Mto ambao ungepanda kidogo kwenye uwanda wa wazi, humo ndani unapanda mita nzima au zaidi, na unapanda kwa dakika, hausubiri masaa. Tena unakuja na magogo na mawe.

Na kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba inaweza isinyeshe kabisa pale ulipo. Dhoruba inapiga juu kwenye vilele, wewe uko chini unapiga picha, anga unaloliona ni kautepe kembamba tu ka bluu kati ya kuta mbili. Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna mfano wetu wa uchungu, Hell's Gate kule Naivasha, korongo la Ol Njorowa, mwaka 2012 maji ya ghafla yaliwachukua vijana wa kanisa waliokuwa matembezini, na mwezi wa tisa 2019 yakachukua tena watu saba akiwemo muongozaji wao. Alps nako hivyohivyo. Tarehe 16 Agosti 2021, humohumo Höllentalklamm unakotaka kwenda, baada ya mvua kubwa lilishuka wimbi la maji likang'oa daraja la mbao pamoja na watu wawili waliokuwa juu yake. Sikwambii haya ili uogope usiende, nakwambia ili ujue kwamba korongoni swali la kwanza sio "miguu yangu ina nguvu?", swali la kwanza ni "maji yaliyoko juu yangu yako katika hali gani?", na ukipanga safari yako kuanzia hapo mambo mengine yote yanajipanga yenyewe.

Ndo maana hilo la kuruka geti naomba ulifute kabisa kichwani. Wakifunga wanakuwa na sababu zao, na mara nyingi huzioni ukiwa umesimama getini: mto umepanda huko ndani, au barafu na theluji inayoyeyuka inaachia mawe kutoka juu, au bado wanakagua kuta. Partnach mara nyingi inafungwa wakati theluji inayeyuka majira ya kuchipua na inafungwa pia baada ya mvua kubwa. Na mawe sio hadithi, mwezi wa sita 1991 upande wa kusini wa Partnach mwamba mkubwa ulianguka, kama mita za ujazo 5,000, ukaziba mto mpaka likatokea ziwa dogo, na njia ikabidi ichimbiwe handaki jipya la kupita pembeni. Leo unapita kwenye hilo handaki na kuyaona yale mawe. Mwenye dhamana akisema leo hapana, ni hapana.

Haya, hewa ya mlimani. Hili wala lisikunyime usingizi. Watu wakisikia Alps wanafikiria Kilimanjaro, wanaanza kuulizia dawa za kichwa. Mji wa Garmisch uko kama mita 700 tu juu ya usawa wa bahari. Kibanda cha Höllentalangerhütte ambacho kiko juu ya korongo la Höllental kina mita 1,387, hiyo ni karibu sawa na Lushoto mjini, na Nairobi iko juu zaidi ya hapo, na sidhani bi mkubwa akienda Lushoto kumsalimia ndugu anaugua kwa ajili ya hewa. Sehemu moja tu ya kuwa makini ni mkiamua siku nyingine kupanda mlima Zugspitze kwa kebo, yaani kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya, kule ni mita 2,962 na kebo inakupandisha kutoka ziwa la Eibsee kwa dakika chache, mtu mwenye presha anaweza kuhisi kizunguzungu au moyo kwenda mbio, hapo atembee polepole na msikae sana. Ila kwenye makorongo kinachoweza kumsumbua mama ni baridi, kupanda mlima mkali bila kuzoea, na kushuka.

Sasa kwa nini nakataa Höllental kwa safari hii. Sio kwamba ni baya, ni zuri mno, mimi mwenyewe nalipenda kuliko Partnach. Ila video hazionyeshi kazi ya kufika. Mnaanzia kijiji cha Hammersbach, mita 758, mnapanda msituni zaidi ya saa nzima mpaka kwenye kibanda cha kuingilia kilichoko mita 1,045, hapo bado korongo lenyewe hamjaliona. Kisha korongo lina kama kilomita moja, yote ni kupanda, mahandaki yaliyochongwa kwenye mwamba zaidi ya miaka mia iliyopita, ngazi, madaraja, maji yanadondoka kichwani. Kuna hesabu rahisi wanayotumia watu wa milima Ujerumani ambayo nataka uishike itakusaidia popote: mtu wa kawaida kwa saa moja anapanda mita 300, au anashuka mita 500, au anatembea kilomita 4 tambarare. Unapiga hesabu ya muda wa kupanda na muda wa umbali, unachukua ule mkubwa wote halafu unaongeza nusu ya ule mdogo. Hammersbach mpaka Höllentalangerhütte ni kupanda kama mita 630, hiyo ni masaa mawili na kidogo, na umbali kama kilomita 5 ni saa moja na robo, nusu yake dakika 38, jumla unakaribia masaa mawili na dakika 45. Kwenda tu! Bila kupumzika, bila mtoto kulia, bila magoti. Halafu mshuke yote hayo. Na kushuka ndo kunaumiza magoti, kila hatua goti linabeba uzito wa mwili unaoanguka na misuli ya paja inafanya kazi ya breki, mama aliyekwambia ngazi za kushuka zinamsumbua ameshakujibu swali lako.

Tena mwezi wa sita mapema Höllental unaweza kukuta bado linaandaliwa kufunguliwa, maana wakati wa baridi maporomoko ya theluji yanalijaza na lazima walisafishe na kurudisha njia kila mwaka. Nenda na mke wako mwezi wa tisa, mtoto akibaki kwa rafiki. Septemba kwa kawaida hali ya hewa inatulia, dhoruba za mchana zinapungua. Na mkifika kile kibanda cha juu, mle chakula, mpumzike, mgeuke mrudi, msishawishike kuendelea kwenda Zugspitze kwa njia ile. Huko mbele kuna barafu ya Höllentalferner yenye nyufa na ukuta wa kupanda kwa kamba za chuma, ni kazi ya watu wenye vifaa na mafunzo au wenye muongozaji.

Partnach sasa. Ni korongo la kama mita 700, kuta zake zinapanda zaidi ya mita 80 na limetambuliwa kama hazina ya asili tangu 1912. Zamani watu walikuwa wanasafirisha magogo kwa kuyaachia kwenye mto humo, na njia ya leo ikachongwa kwenye mwamba mwanzoni mwa karne iliyopita. Maji yanatoka chemchemi za bonde la Reintal ambazo zinalishwa na theluji inayoyeyuka kule juu kwenye uwanda wa Zugspitze, ndo maana mwezi wa sita mto unakuwa na nguvu na rangi ya kijani yenye weupe kidogo, inapendeza mno, yaani ule muungurumo unaingia mpaka kifuani. Ukitaka kujua kwa nini kuta zimesimama wima namna ile: mwamba pale ni mgumu sana, mto umekata kwenda chini kwa maelfu ya miaka huku milima nayo ikiinuliwa polepole kutoka ardhini, na mwamba mgumu haubomoki pembeni kama udongo, unabaki umesimama. Nje ya korongo mwamba ni laini zaidi na bonde linafunguka hapohapo, ukitoka upande wa juu utaona tofauti kwa macho.

Mnaanzia uwanja wa ski wa Olimpiki, ule wa mashindano ya 1936, kutoka stesheni kuna basi la mji. Kutoka uwanjani mpaka geti la tiketi ni kama kilomita 2 za barabara ya lami isiyo na shida, nusu saa hivi, na kuna magari ya farasi. Mpandisheni bi mkubwa kwenye gari la farasi, sio anasa, hiyo ni akiba ya magoti kwa ajili ya kazi yenyewe. Ndani ya korongo ni nusu saa mkitembea taratibu, njia ina reli ya kushikilia upande wa mto, inapanda kidogo kidogo, mawe yamelowa na kuna mahandaki ambayo paa lake liko chini. Mkitokeza upande wa juu pumzikeni kwenye mawe ya mtoni, kuleni mlichobeba, halafu rudini kwa njia ileile mliyojia. Utasikia watu wanasifia kuzunguka kupitia Graseck, kule juu ya korongo, au kupanda kwa kebo ya mlima Eckbauer halafu kushuka kwa miguu mpaka korongoni. Kwa vijana sawa. Kwa mama hapana, kupanda Graseck ni mkali na kushuka kutoka Eckbauer ndo kunakoumiza zaidi, magoti hayatamsamehe. Kuna kebo ndogo ya Graseck inayoshuka mpaka karibu na geti, kama akijisikia vizuri ulizia getini kama siku hiyo inafanya kazi, lakini usiijengee mpango.

Kigari cha mtoto acha nyumbani, hakipiti. Mtoto wa miaka 3 atatembea dakika kumi kisha atataka kubebwa, kwa hiyo chukua kile kiti cha kumbebea mgongoni. Ukiwa nacho jihadhari na kitu kimoja ambacho wazazi wanasahau: kichwa cha mtoto kiko juu kuliko chako, wewe ukipita kwenye handaki bila kugusa yeye anagonga mwamba. Inama mpaka magoti, au mtoe mbebe mbele. Akitembea mwenyewe ni mkono kwa mkono, mtu mzima upande wa mto, mtoto upande wa ukuta, muda wote, hata wakati wa selfi.

Raba kwa Partnach zinatosha kama zina soli yenye meno na haijalika, raba za mtindo zenye chini laini zinateleza pale vibaya. Ndala na makubazi hapana. Kwa Höllental vaa buti na bebeni helmeti, wengi wanapita bila helmeti lakini jiwe dogo likitoka mita 100 juu halichagui. Kuhusu nguo za mama, Tanga mwezi wa sita kuna joto, mle korongoni hata siku ya jua kunaweza kuwa na baridi ya nyuzi kumi na kitu pamoja na mvuke wa maji, na kitambaa cha pamba kikilowa kinanyonya joto la mwili. Dera refu linakokota kwenye maji na linaweza kumkwaza, avae suruali ndani na gauni fupi kidogo juu, sweta, na jaketi la mvua lenye kofia ambayo inakaa vizuri juu ya mtandio. Fimbo mbili za kutembelea zitamsaidia kuliko kitu chochote. Nguo kavu za mtoto weka kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi, na chai ya tangawizi kwenye chupa ya moto, hiyo ntakulazimisha.

Muda. Kutoka baada ya chakula cha mchana ndo kosa ambalo wengi wanafanya, na linatokana na mazoea ya mjini. Majira ya joto jua linapasha milima asubuhi, hewa yenye unyevu inapanda, mawingu yanajikusanya kuanzia saa sita saba, na dhoruba za radi zinapiga alasiri. Theluji nayo inayeyuka zaidi mchana kwa hiyo mto unapanda kuelekea jioni. Nyie mnatakiwa saa sita mchana muwe mmeshatoka korongoni. Treni ya Munich kwenda Garmisch ni kama saa moja na nusu, mkipanda ya saa moja asubuhi mnakuwa getini saa tatu na nusu au nne na hata watu hawajajaa. Kama mnatumia Bayern-Ticket, ile tiketi ya siku nzima ya jimbo la Bavaria, kumbuka siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, wikendi inafanya kazi tangu usiku, basi Jumamosi au Jumapili asubuhi mapema ndo mpango wako.

Jioni ya kabla angalia vitu vitatu: tangazo la korongo kama liko wazi, utabiri wa milima wa chama cha wapanda milima cha Ujerumani, DAV, na onyo la dhoruba kwenye programu ya WarnWetter ya idara ya hali ya hewa. Usiangalie utabiri wa mji wa Munich ukadhani umemaliza. Na uangalie pia mvua iliyonyesha jana na juzi, sio ya kesho tu. Kama imenyesha sana siku mbili mfululizo ahirisha hata kama asubuhi jua linawaka, maji bado yako njiani.

Mkiwa ndani, mto ukibadilika rangi kuwa kahawia, ukaanza kubeba matawi, muungurumo ukaongezeka au mkasikia mawe yanagongana chini ya maji, hapo hakuna kupiga video. Mnatoka kwa njia iliyo karibu zaidi inayoelekea juu au nje, na kama hakuna, mnapanda sehemu ya juu kabisa mnayoweza kuifikia na kubaki hapo. Msisimame darajani. Namba ya dharura ni 112, ni bure na inafanya kazi Ulaya yote, wao ndo watawaita Bergwacht, waokoaji wa milimani. Mtandao korongoni unakatika, kwa hiyo jifunze na ishara ya Alps: filimbi au tochi mara sita kwa dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Ukijibiwa mara tatu kwa dakika ujue wamekusikia.

Kuna mambo mawili ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi. La kwanza ni presha na magoti ya bi mkubwa, kabla hajapanda ndege amwone daktari wake Tanga amuulize wazi kama anaruhusiwa kutembea masaa mawili yenye mwinuko mdogo kwenye baridi, na dawa azibebe kwenye begi la mkononi. Akiwa njiani akipata maumivu ya kifua, pumzi ikikata akiwa amekaa, au upande mmoja wa mwili kulegea, usimpe maji ukasubiri, piga 112 hapohapo. La pili ni bima, visa ya Schengen inamtaka awe na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, ila soma karatasi yake uone kama inalipa kuokolewa mlimani kwa helikopta maana sio zote zinalipa. Wewe mwenyewe unayekaa huko jiunge na DAV, uanachama wao una bima ya uokoaji, na matawi yao yana safari za kuongozwa kwa wanaoanza. Siku ukitaka Höllental na hujawahi njia za namna ile, nenda nao mara ya kwanza.

Na mkiamka siku hiyo mkakuta Partnach imefungwa, msirudi kulala. Pandeni treni hiyohiyo mpaka Garmisch halafu basi au treni ya mlimani mpaka Eibsee, kuna njia ya kuzunguka ziwa kama kilomita 7 na nusu, sehemu kubwa tambarare, na mama akichoka mnageuka popote mnaporidhika. Kule hata kigari cha mtoto kinasukumika sehemu kubwa ya njia.